Vitu vifungwe kwa skrubu, gundi tumechoka nayo

Jamani hizi taa za sola zinazogundishwa boksi zima zinaniuma sana. Huku Rungwe, Chunya hadi Makete kuna vijiji watoto wanasomea hizo hizo, sasa betri ikichoka, na betri lazima ichoke, unampelekea fundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya anaizungusha hata skrubu moja haioni, akilazimisha na bisibisi klipu zinakatika na waya zinang'oka humo ndani, basi taa inatupwa wakati paneli nzima, balbu nzima, kilichokufa ni betri tu.

Na inawezekana kabisa kutengeneza kitu kinachofunguka maana pikipiki tunazo. Bodaboda wa Uyole akiwa na spana chache tu anabadilisha cheni, sproketi na breki shuu hapo hapo kijiweni, na siku pikipiki ikifa kabisa inauzwa vipande vipande, injini kwa huyu, rimu kwa yule. Uchumi wa mzunguko wanaouongelea kwenye semina mi naona ndo huo, ila unaanzia kwa yule anayechora kitu kiwandani, akishaamua gundi huku chini fundi hana ujanja.

Kwa upande wa simu, watengenezaji watakwambia gundi inazuia maji. Sikubali, Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa inahimili maji na mfuniko wa nyuma unaubandua kwa kucha unatoa betri, kazi ya kuzuia maji ilifanywa na raba. Fairphone 2 ya kule Uholanzi, 2015, hata kioo chake unakitoa kwa mkono bila kifaa chochote. Na Ulaya wameshapitisha sheria, kuanzia Februari 2027 vifaa vingi vinavyouzwa kwao mwenye navyo aweze kutoa betri mwenyewe. Hofu yangu ni kwamba vile vya gundi vitakavyokataliwa huko vitaletwa kwetu kwa bei ya kutupa na tutavigombania.

Kwa hiyo TBS, shirika letu la viwango, wakipima taa ya sola wasiishie kwenye mwanga na chaji, wampe fundi wa kawaida bisibisi ya nyota waone kama anatoa betri na kuirudisha bila kuvunja kitu, na betri yenyewe iwe saizi inayopatikana kama zile za duara za 18650, hizi ambazo mafundi wetu wanazichomoa kila siku kwenye betri za laptop mbovu. Ikishindikana kufunguka, mzigo usipite bandarini.