Kulipia mboga kabla hazijapandwa: shea ya shamba ina faida kwa nani?

Ikifika mwezi wa pili wa tatu hivi, mashamba madogo huku Marekani yanaanza kuuza shea za msimu, yaani unalipa dola 400, 500, wengine hadi 700, mkulima hata mbegu hajaitia udongoni, halafu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi unachukua boksi lako la mboga kila wiki. Ndiyo hiyo CSA (Community Supported Agriculture), kilimo kinachobebwa na wateja wenyewe. Na ndugu zetu wengi wakisikia wanauliza, kwa nini nilipie nisichokiona wakati supamaketi ipo hapo na kila kitu kimepangwa? Swali halali kabisa, ila hesabu inayopigwa hapo ni ya mnunuzi peke yake.

Na ya mnunuzi ni ya kweli, sikatai. Dola 500 kwa mkupuo ni kubwa kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na huku nyumbani wanasubiri ada. Huchagui unachotaka, wiki za mwanzo ni majani ya saladi, figili na kolirabi ambayo wengi wetu hatujui hata inaanziwa wapi kumenywa, nyanya utazisubiri mpaka mwezi wa saba wa nane huko. Ndiyo maana wanachama wengi hawarudi mwaka wa pili. Halafu kuna wanaookota mboga za jumla huku na kule wakazipakia kwenye boksi na kuziita CSA, hao uwaulize kabla hujalipa: hizi mmelima wenyewe?

Sasa njoo kwa mkulima. Wizara ya Kilimo ya Marekani hupiga hesabu kila dola inayotumika kwa chakula kilichozalishwa humu nchini inakwenda wapi, na kwa miaka ya karibuni mkulima anaambulia kama senti 15 au 16. Zilizobaki zinaishia kwa wasindikaji, wasafirishaji, maduka, migahawa na wengineo. Na hizo senti 15 sio faida jamani, humo humo atoe mbegu, mafuta ya trekta na vibarua. Sawa, hesabu hiyo imechanganya na chakula cha mgahawani, kwa hiyo ukinunua kabichi dukani mkulima anaweza kupata zaidi kidogo, lakini hata ukiongeza mara mbili bado sehemu kubwa ya pesa yako haikufika shambani. Kwenye shea inafika karibu yote, ingawa kazi ya kufungasha na kugawa inakuwa yake pia.

Ila kwangu mimi kikubwa zaidi ni inafika lini. Shamba linakula pesa miezi mingi kabla halijatoa kitu, na asiye na pesa hiyo lazima akope. Waliokulia Kagera wanaijua butura, mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa kwa sababu ana shida ya hela leo, na ikiharibika mtini deni liko palepale. Shea nayo ni pesa ya mapema, lakini bei anapanga mkulima na mvua ikigoma hasara mnagawana.

Profesa Booker T. Whatley wa chuo cha Tuskegee, Alabama, aliliona hilo mapema. Miaka ya 60 na 70 aliwashauri wakulima weusi wenye maeneo madogo waandikishe wateja wanaolipa ada mapema kisha wanakuja kuvuna wenyewe, na hao ni wakulima waliokuwa wananyimwa mikopo ya serikali, mpaka wakaishtaki Wizara ya Kilimo kwa ubaguzi kwenye kesi ya Pigford iliyofikia makubaliano mwaka 1999. Watu wakitaja chanzo cha CSA hapa wanataja Indian Line Farm ya Massachusetts, 1986. Whatley anasahaulika, na inauma.

Hiyo ya kugawana hasara ndiyo inaogopesha watu, na sio nadharia. Julai 2023 mto Winooski ulifurika ukayafunika mashamba ya Intervale kule Burlington, Vermont, na mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko haiuzwi kwa chakula, inatupwa. Shea isingekuwepo hasara kama ile ni ya mkulima peke yake, na sioni kwa nini sisi tunaokula tuwe nje ya hiyo hatari kila mara.

Hapo sizungumzii familia inayohesabu kila dola, hao wasibebeshwe. Mashamba mengine yanakubali malipo kidogo kidogo, nusu shea, au kufanya kazi shambani badala ya hela. SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, nayo inaruhusiwa, lakini sheria inataka ilipwe si zaidi ya siku 14 kabla ya kupokea boksi, kwa hiyo ile pesa ya mwezi wa pili mkulima haipati, hilo bado halijatatuliwa.

Kama uwezo upo na unapika nyumbani, mimi nasema jiunge, na tafuta mkulima anayelima unachokula. Kansas City kuna mradi wa New Roots for Refugees ulioanza 2008, wakimbizi wanafundishwa kilimo na kuuza shea, wakiwemo waliotoka Burundi. Kwingine uliza tu kama wanapanda collards, maana hiyo kwenye sufuria ni sukuma wiki, na mwezi wa pili mkulima bado anaagiza mbegu, ukimwambia unataka mchicha au lengalenga anaweza kukuongezea mstari.