Countach: walivyoiongezea nguvu ndivyo walivyoipunguzia uzuri?

Kuna ubishi wa Countach, lile gari la michezo la Lamborghini ya Italia, hauishagi. Hawa wanakwambia Lamborghini walipata gari kali kuliko yote halafu wakakaa miaka 16 wanaliharibu, wale wanajibu bila yale mabawa na yale matairi mapana hakuna mtoto angebandika picha yake ukutani. Mimi nimeshakaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti, ngoja niseme ninavyoona.

Gari lenyewe lilionyeshwa mara ya kwanza Geneva 1971, la njano, mchoro wa Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya Italia ya kubuni magari, na jina eti ni neno la mshangao la watu wa Piedmont, kama sisi tunavyosema "lahaula!". Kimo sentimita 107 tu. Ila watu wakiongelea bodi wanamsahau injinia Paolo Stanzani, na yeye ndo alifanya uchawi wenyewe: injini ya silinda 12 akailaza kwa urefu nyuma ya dereva, giaboksi akaigeuza ikatazama mbele mpaka katikati ya viti, halafu shafti inarudi nyuma ikipita kwenye sampu ya injini (bakuli la oili la chini) kwenda kwenye difu. Kwa hiyo gari likabaki fupi na uzito ukakaa katikati. Sasa mpango huohuo ndo uliokuja kubebwa na warithi wake, Diablo na Murciélago.

Likaingia sokoni 1974 kama LP400, injini ya lita 4, nguvu za farasi 375. Hapa watetezi wa usafi wana hoja nzito, mistari imenyooka, hakuna kipambo. Lakini hata hiyo LP400 haikuwa ule mchoro wa 1971! Gari la maonyesho lilikuwa linachemka vibaya, ndo wakatoboa matundu ya hewa ubavuni na kuweka yale maboksi ya kuvuta hewa juu ya mabega. Yaani sehemu ya sura tunayoisifia leo ililetwa na shida ya rejeta, sio sanaa.

Shida yangu inaanza 1978 na LP400 S. Tajiri mmoja wa Kanada, Walter Wolf, aliyekuwa na timu ya Formula 1, alikuwa ameshatengenezewa Countach yake ya matairi mapana, kiwanda kikachukua wazo. Nyuma zikaja Pirelli P7 za upana wa milimita 345, na ili zienee wakaongeza mapaja ya fibaglasi juu ya matairi. Gari likashika barabara vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Ila bawa la nyuma, ambalo mteja alikuwa analilipia pembeni, lilikuwa linapunguza spidi badala ya kuongeza, na farasi wala hawakuongezeka, ni show tu. Ila kumbuka pia kampuni ilikuwa hoi, mwanzilishi Ferruccio Lamborghini mwenyewe ameshauza, shida ya mafuta ya 1973 imepita nao, mwaka huohuo wa 1978 wakafilisika. Show ndo ilikuwa inauza na mwenye njaa hachagui.

Halafu 1985 ikaja Quattrovalvole, lita 5.2, valvu nne kila silinda, farasi 455. Kama gari la kuendesha hii ndo baba lao, ila kabureta walizihamishia juu ya injini, mgongo ukavimba na kioo cha nyuma kikabaki cha urembo. (Kurudi rivasi unafungua mlango juu, unakaa kwenye kizingiti, unachungulia nyuma kwa kichwa, sijatia chumvi.) Ile ya miaka 25 ya kampuni, ya 1988, mbunifu kijana wa Lamborghini, Horacio Pagani, aliijaza mifereji na mabampa, kwangu ndo imezidisha kabisa, lakini zilitoka zaidi ya 650, kuliko toleo lolote kabla yake. Wateja walipiga kura kwa pochi, mimi na macho yangu tukashindwa.

Ndo maana ile Countach mpya ya 2021, LPI 800-4, inanichanganya. Haina bawa, mistari misafi, farasi zaidi ya 800 pamoja na umeme, kimsingi walituletea tulichokuwa tunalilia. Na bado haikuniingia, na Gandini naye akajitokeza hadharani akasema hakuhusika, kwamba kurudia gari la zamani ni kinyume na misingi yake. Namuelewa, ile ya 1971 ilikuwa haifanani na kitu chochote barabarani, hii inafanana na babu yake. Walitengeneza 112, zikaisha zote, kwa hiyo huko kiwandani sidhani kama kuna aliyekosa usingizi.

Mimi nikipewa ya kuchagua nabeba Quattrovalvole, bawa watoe, rivasi nitajifunza mbele kwa mbele.