Usiache ridi kwenye mdomo wa saksafoni

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana wa bendi alinifuata na saksafoni yake. "Mwalimu, naomba uiangalie, siku hizi inatoa sauti ya mafua." Nikafungua boksi. Ridi, kile kijiti chembamba kinachotikisika ukipuliza, ilikuwa bado imebanwa palepale kwenye mdomo wa saksafoni. Tangu lini? "Tangu ile harusi ya Jumamosi ya juzi, na leo nimeipiga hivyohivyo." Nikalegeza kibano. Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, ncha imejikunja mawimbi. Na dakika kumi tu zilizopita alikuwa ameitia kinywani.

Niliumia, na sikumlaumu yeye. Aliyemfundisha skeli hakumwambia hata neno moja kuhusu hicho kijiti kinachotoa sauti yenyewe. Wengi wetu tumejifunza hivyo, na tunawafundisha wadogo zetu hivyohivyo.

Ridi ni tete. Ni mmea, Arundo donax, na nyingi tunazopuliza asili yake ni matete ya mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Ncha ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukipiga noti ya La ya 440, inatikisika mara 440 kwa sekunde. Sasa kitu chembamba namna hiyo kimenyonya mate, pengine na soda ya harusini, kisha unakifungia gizani kwenye joto la Dar es Salaam. Kitaota ukungu. Na kwa kuwa kimebanwa, upande mmoja unakauka kabla ya mwingine, kinapinda.

Ukimaliza kupiga, itoe. Palepale, kabla hujaenda kula pilau. Isuuze kwa maji safi, ifute taratibu kutoka shinani kuelekea kwenye ncha, usirudishe kidole nyuma kwa sababu ncha itachanika. Ilaze upande bapa kwenye kipande cha kioo, ipate hewa, halafu ndiyo iingie kwenye kikasha chake. Usiianike juani. Mimi nazungusha ridi nne, nimeziandika namba kwa penseli shinani. Ya leo hairudi kesho. Ridi mpya naipiga dakika tano au kumi siku ya kwanza, basi.

Bara mambo ni tofauti kidogo. Niliwahi kwenda Dodoma wakati wa kiangazi na ridi zilizokuwa nzuri kabisa Dar, asubuhi nikazikuta ncha zimejikunja kwa ukavu. Huko kikasha kinataka unyevu kidogo, na kabla ya kupiga unailoweka kwenye kikombe cha maji dakika mbili hivi, mpaka ncha inyooke.

Kuna wanaoniambia ninunue ya plastiki niachane na taabu hii. Sawa, zinadumu, na kwa gwaride la mvua sina ubishi. Lakini sauti ya tete naijua, na bado naitaka.

Yule kijana nilimpa ridi mbili na kipande cha kioo kilichobaki kwenye fremu ya picha, kingo nimezisugua kwa msasa zisimkate. Ile ya zamani niliivunja mbele yake. Alishtuka, maana ndiyo pekee aliyokuwa nayo tangu Januari.