Chumvi ya Mabondeni Haiondolewi na Bakteria

Mkulima wa mpunga katika mabonde ya Lindi yaliyo karibu na bahari hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba shamba lake limeingia chumvi. Maji ya bamvua yakishapanda mtoni na jua likakausha, juu ya udongo hubaki utando mweupe, na miche huanza kuungua kwenye ncha za majani. Kwa hiyo naielewa hamu ya wakulima wanaposikia kwamba wapo bakteria na kuvu wanaosaidia mazao kuvumilia hali hiyo. Elimu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachokipinga ni kuinadi kana kwamba ni dawa ya kuitoa chumvi shambani.

Chumvi huudhuru mmea kwa njia mbili: huzuia mizizi kunyonya maji hata udongo ukiwa na unyevu, na sodiamu yake huchukua nafasi ya potasiamu ndani ya mmea. Mmea uliobanwa hivyo hutoa gesi ya ethilini kwa wingi, na gesi hiyo hudumaza mizizi yake wenyewe. Hapo ndipo baadhi ya bakteria wa jamii za Pseudomonas na Bacillus wanapofaa, kwa kuwa wana kimeng'enya kinachovunja malighafi ambayo mmea huitumia kutengeneza ethilini, nao huipata nitrojeni iliyomo kama chakula chao. Wengine hutoa ute unaoishika sehemu ya sodiamu kabla haijafika mzizini, na kuvu wa mikoriza, wanaoishi pamoja na mizizi, huutafutia mmea fosforasi na maji mahali ambapo mizizi yake haifiki. Nauona ushirikiano huu kuwa wa ajabu, na ni haki ya kila mkulima kuelezwa namna unavyofanya kazi.

Lakini chumvi yenyewe inabaki pale pale. Huondoka pale tu maji ya kutosha yasiyo na chumvi, ya mvua au ya mfereji, yanapoiyeyusha na kuipeleka chini ya mizizi au nje kupitia mtaro, huku tuta imara likiyazuia maji ya bahari yasirudi. Anayeuza pakiti za bakteria bila kutaja tuta na mtaro anamwibia mkulima.

Tena bakteria ni viumbe hai: pakiti iliyokaa wiki kadhaa juani au chini ya bati la moto huweza kubaki na unga mtupu. Hata wale wanaotengeneza vifundo kwenye mizizi ya kunde na choroko hudhoofishwa na chumvi, kwa hiyo aina iliyofanya vizuri kwenye udongo mtamu wa bara haina dhamana ya kufaulu kwetu. Mimi ningeanza kutafuta kwenye mizizi ya mikoko na ya majani yanayoota kando ya mashamba yetu ya kutengenezea chumvi, kwa sababu vijidudu vinavyoishi humo vimekwisha kuizoea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kinachojulikana zaidi kwa korosho, kiko karibu na pwani hiyo na kingefaa kwa kazi hiyo.

Mvua za msimu zikianza, kati ya Novemba na Desemba, ningependa kila mkulima atakayepewa bakteria wa kujaribu aache mistari michache bila kuitia chochote, katika kipande kile kile cha shamba, na wakati wa mavuno apime kila upande kwa debe lake mwenyewe.