Presha niliyoapa kwamba haipo

Najua mshasimuliwa. Jamaa yangu hakulala nalo hata usiku mmoja, na sasa kila kundi tulilomo linajua kwamba "nimenawa uso kwa petroli". Uongo. Sikunawa, nilinaweshwa. Ngojeni niwape mkanda mzima, jicho lenyewe bado jekundu.

Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa asubuhi. Likilala, kesho yake unapiga stata mpaka unaionea huruma betri ndipo linaamka. Ukilizima ukaliwasha papo hapo, linawaka kwa kuguswa tu. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha plagi. (Kimya, nyie mlionishauri plagi, nawajua kwa sura.) Mwisho nikagundua siri: ukifungua swichi bila kupiga stata, pampu inavuma kule nyuma kama sekunde 2. Funga, rudia mara 3, gari linawaka bila kinyongo. Kumbe likilala mafuta yanaishiwa nguvu, reli, yaani lile bomba la kwenye injini linalolisha nozeli zinazopuliza mafuta, inabaki bila presha. Nikajiona profesa.

Profesa bila mwanafunzi ana raha gani? Asubuhi, injini ya baridi, nikamweka jamaa kwenye usukani. "Fungua swichi, funga. Mara 3, usikie pampu." Akatii, mtoto mzuri. Mimi nikaenda kwenye boneti kumthibitishia kwamba reli imelala kavu.

Kwenye reli kuna kipua kidogo chenye pini ndani, kama cha tairi. Nikafungua kifuniko chake kwa vidole viwili, kidaktari. Nikainama. Nikasogeza uso nione vizuri. Mdomo wazi, maana mhadhara ulikuwa unaendelea: "Hapa, kaka, presha haipo ka..." Nikabonyeza pini kwa bisibisi.

Hapa twende polepole. Kwanza nikasikia "tsii". Kisha nikaona uzi mwembamba, unang'aa, mzuri hata, unapanda. Nikapata muda wa kujiuliza unakwenda wapi. Nikapata na muda wa kukumbuka ni nani aliyeamuru pampu iwashwe mara 3. Uzi ukaanzia kidevuni, ukaingia mdomoni bila hodi, ukamalizia jicho la kushoto. Ladha yake sisimulii.

"Haipo?" jamaa akauliza kutoka kwenye usukani.

Nikatema, nikakaa chini ya bomba dakika 15 jicho wazi, shati likatupwa nje. Akaja fundi wa kweli na geji ya presha: bar 3, pampu ikinyamaza mshale unaporomoka. Akajaza presha tena, akabana mpira unaotoka tangini, mshale ukatulia. Valvu ya pampu haikuwa inafunga, mafuta yanarudi tangini. Pampu mpya, kwisha.

Gari sasa linawaka mara moja. Shati bado liko kwenye kamba, hata nzi wanalizunguka kwa mbali. Na jana nilipompigia jamaa nikiwa nimekaa naye, nikaona jina alilonihifadhia kwenye simu yake: Haipo.