Kabla hujauliza programu gani ya kuediti picha ni nzuri, ngozi yetu unaijua kuiediti?

Jamani wiki iliyopita nimeonyeshwa albamu ya harusi ya binti wa mama mdogo, harusi ya Tanga, na mpaka sa hivi bado roho inaniuma. Bi harusi mwenyewe ni mweusi haswa, ule weusi wa kung'aa, na siku ile alipambwa akapambika. Kwenye albamu ni wa kijivu. Hina waliyokesha kumchora mikononi imefifia, ukiitafuta unaiona kwa mbali kama doa la chai, dhahabu shingoni imepauka, midomo haina damu. Mama mdogo kafunua kurasa kimya kimya, akafika ile picha kubwa ya katikati, akasema, "Mbona mwanangu wamemfanya kama katoka kuumwa?"

Nikamtafuta kijana aliyepiga. Kijana ana adabu, kamera anayo nzuri, na faili akanitumia bila kinyongo. Nikamuuliza umeediti na nini? "Lightroom dada, nimeweka ile preseti ya harusi, niliinunua kwenye grupu." Lightroom ni programu ya kuediti picha, na preseti ni mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, unaibandika tu. Mbofyo mmoja, picha zote za siku nzima, za msikitini, za ukumbini, za juani, zikapigwa dawa ile ile.

Nikaifungua hiyo preseti nione kilichomo. Kwenye ile sehemu ya kurekebisha rangi moja moja, rangi ya chungwa imepandishwa mwangaza na imepunguzwa ukolezo. Basi. Sasa elewa kitu kimoja ambacho hawa wauzaji hawakisemi: kwa kompyuta, kahawia ni chungwa lililo gizani. Uso wa Mwafrika karibu wote unakaa humo kwenye chungwa na nyekundu kidogo, hina imo humo humo, dhahabu nayo iko jirani kwenye njano. Ukivuta chungwa umewavuta wote kwa pamoja. Kwa bi harusi wa Uingereza aliyepigwa picha bustanini kuna mawingu inampa ule wepesi wanaoupenda wao, kwa bi harusi wa Tanga inampa majivu. Tena kijana alipiga JPEG, faili ambalo kamera imeshalipika na kulibana, kila rangi ya msingi ina ngazi 256 tu za mwangaza, wakati RAW, faili ghafi la kamera, ikiwa ya biti 14 ina ngazi 16,384, kwa hiyo hata nilipojaribu kumuokoa yule binti kwenye vivuli vya shavuni hakukuwa na kitu cha kuvuta, zilibaki punje punje na mabaka.

Na hili si jipya, ndo maana nakasirika. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanasambazia maabara kadi za kupimia rangi, zikiitwa kadi za Shirley, juu yake yuko mwanamke mweupe, na fundi akisafisha picha anahakikisha yule mwanamke katoka vizuri. Sisi tulitoka vyovyote tulivyotoka. Filamu zimekwenda, leo kila mtu ana maabara yake ndani ya laptopu, hakuna anayetulazimisha kadi ya mtu, halafu tunakwenda wenyewe kununua kipimo cha ngozi ya mwingine kwa hela yetu! Hapana jamani. Hapana kabisa.

Kwa hiyo mdogo wangu unaponiandikia inbox kuuliza "dada nianze na programu gani", jibu langu ni chukua unayoweza kuimiliki kihalali, kaa nayo, acha kuhamahama. Una Canon? Digital Photo Professional ni yako bure. Una Nikon? NX Studio ni bure tangu 2021. Hizi watu wanazidharau kwa sababu hamna anayezifundisha YouTube kwa mbwembwe, lakini RAW ya kamera yako zinaifungua na rangi zinatoka vile kamera ilivyokusudia. Ukitaka zaidi kuna darktable, bure kwa Windows, Mac na Linux, ina maski za kila aina (yaani unachagua sehemu moja ya picha uirekebishe peke yake), ni ngumu mwanzoni sikudanganyi, mafundi wake wamejaza vitufe mpaka unachoka, ila ukiizoea inakupa uwezo mkubwa. Kufuta chunusi na waya wa umeme nyuma ya maharusi, GIMP inatosha. Wa simu, Snapseed.

Lightroom? Haya, nakubali, ni nzuri, ni ya haraka, na harusi ya picha elfu mbili utaimaliza nayo mapema kuliko kwa hizo nyingine. Kinachoniudhi ni kwamba Adobe, wenye Lightroom, walianza 2013 kutupeleka kwenye kulipa kila mwezi, na ule mpango wa wapiga picha ambao kwa miaka ulikuwa kama dola 10 si hela ndogo kwa kijana ambaye msimu wa harusi ukiisha simu hailii. Kama kazi zinakuja lipa. Kama haziji usijitese.

Ila programu za kuchakachua, zile za kulipia zilizovunjwa leseni, achana nazo. Unaambiwa zima antivairasi ndo ui-install, na we unaizima, kwenye mashine yenye harusi za watu ambazo haziwezi kurudiwa.

Sasa kujifunza. Chagua picha moja tu, RAW, ya mtu mweusi ndani ya ukumbi wenye zile taa za zambarau, maana hapo ndo kazi ilipo. Anza na waiti balansi, yaani kuiambia programu cheupe ni kipi, gusa shela au kanzu, kitu unachojua kwa macho yako ni cheupe na hakijapigwa na ile taa ya zambarau. Halafu mwangaza, na hapa upime kwa uso, usipime kwa shela, kamera ikiona shela jeupe inaingiza picha nzima gizani na uso unazama. Nyanyua vivuli taratibu. Chungwa usiliguse kabisa mpaka hapo. Ukiona uso bado una zambarau upande mmoja, weka maski upande huo tu urekebishe pale pale. Mng'ao wa paji la uso na mashavu uache, watu wanaukimbilia kuufuta kama jasho, wakati ngozi nyeusi umbo lake linaonekana kwa ule mng'ao, ukiufuta uso unakuwa bapa. Rudia picha hiyo hiyo kesho bila kuangalia ya jana. Ukishaweza hiyo, tengeneza preseti yako mwenyewe, ya ukumbi ule, ya ngozi zetu, hiyo sina ugomvi nayo hata kidogo.

Na kabla ya kupeleka albamu kuchapwa, mwite bi harusi au mama yake aone picha tano kwenye skrini, mkono wake uwe pale pembeni ya picha ya mkono wake.

Nyie mnaouza mafurushi ya preseti kwenye magrupu, mimi niko tayari kununua. Nileteeni RAW moja ya bi harusi mweusi, ya usiku, ukumbini, mwenye hina, tuibandike hiyo preseti yenu mbele ya watu wote wa grupu, bila kugusa kitu kingine.