Ua la kwetu liko dirishani Utah, mimi sijui linaota wapi

Jumamosi nimefokewa na bibi wa miaka 79 kwa sababu ya mguu wangu. Namhudumia hapa St. George, Utah, kazi yangu ni dawa, chakula na kuhakikisha haanguki, ila mwezi wa nne ukifika kazi inageuka kumbebea maji na mwavuli huko kwenye makorongo akatafute maua. Sasa mimi nimepiga hatua pembeni nimpishe, kumbe nimekanyaga udongo mweusi uliofanya ukoko, ukoko kabisa kama wa wali, anasema una uhai na alama ya kiatu changu itakaa hapo miaka na miaka. Jamani, jangwa! Mtu anafokewa kwa ajili ya jangwa.

Ua lenyewe lina petali nne nyeupe, katikati njano, majani yana vinywele na ncha kama kucha, ndiyo maana wakaliita la dubu, kwa Kiingereza bear poppy. Linaota kwenye udongo wa jasi kuzunguka mji huu tu, kwingine duniani halipo, na tangu 1979 liko kwenye orodha ya serikali ya mimea inayokaribia kutoweka, huku nyumba mpya zinazidi kulisogelea. Bibi anapiga magoti mimi roho juu, anahesabu, shina hili maua 11, lile limekauka, pale miche miwili, anaandika kwa penseli, halafu namba za GPS ananisomea mara mbili nizihakiki. Na hapo akishaandika anaficha, hamwambii mtu ovyo.

Najua mtasema dada kafika Marekani anahesabu maua wakati shangazi zake wanahesabu ndoo za maji. Semeni tu. Sijasema hawa ni bora, huyu bibi ana daftari la kila ua ila wanawe hawajui hata siku yake ya kliniki.

Kilichoniuma ni kingine. Dirishani jikoni ana kopo lenye ua la zambarau, lile African violet la supamaketi. Nikamwambia kwa maringo, hilo la kwetu Usambara, Mjerumani Saint Paul alimtumia baba yake huko Ulaya mwaka 1892 likapewa jina la ukoo wao. Bibi akavuta daftari. Linaota wapi hasa? Nikasema kwenye mawe, kivulini, karibu na maji. Mawe yapi? Mimi niliyezaliwa Amani, hukohuko Usambara, niliyeshuka mto Zigi kufua tangu sijaanza shule, nikabaki namkodolea macho.

Na msiniletee ile ya wazungu waliandika ndiyo maana wakachukua. Saint Paul alichukua kwa sababu aliandika peke yake! Ila sisi nasi, ukimwona mtu na GPS na daftari kijijini unajua keshokutwa ni X nyekundu ukutani, nyumba ivunjwe, nani atafungua mdomo kumwonyesha kitu? Nawaelewa kabisa ndugu zangu, na bado nakereka.

Jana nimempigia mjomba, shikamoo, marahaba, habari za mvua, nikamwomba akishuka mtoni aniangalizie yale maua ya zambarau yako kwenye jiwe gani, apige na picha. Akanyamaza mpaka nikadhani neti imekata.

"Mwanangu, kuna mtu anataka kununua huko bondeni?"